Kweli au Si Kweli: Mhusika wa Katuni Asemewe na Mtu wa Asili Yake?

Juma la mwisho la Juni 2020, mwezi mmoja baada ya George Floyd, Mmarekani Mweusi, kuuawa na polisi mjini Minneapolis, waigizaji kadhaa Wazungu wa Marekani waliacha kazi ambazo ndani yake watazamaji hawakuwahi kuziona sura zao. Jenny Slate aliacha kumtia sauti Missy wa katuni ya Big Mouth, msichana ambaye baba yake ni Mweusi na mama yake ni Mzungu. Kristen Bell akamwacha Molly wa Central Park. Mike Henry, aliyekuwa sauti ya Cleveland Brown katika Family Guy tangu 1999, akasema wahusika Weusi wapewe waigizaji Weusi. Siku hiyohiyo, tarehe 26, watayarishaji wa The Simpsons wakatangaza kwamba kwao Wazungu hawatawasemea tena wahusika wasio Wazungu.

Wengi walishangilia. Wengine waliuliza kwa kejeli kama sasa samaki wa katuni atafutiwe samaki wa kumsemea. Swali hilo linafunika jambo zito. Katuni ni miongoni mwa hadithi za kwanza ambazo watoto wetu wanazijua, na humo mtoto hujifunza mapema nani huongea kama mtu na nani huongea ili achekwe. Ndiyo maana nimeyachukua madai yanayorudiwa sana katika mjadala huu, ya wanaounga mkono na ya wanaopinga, niyapime moja baada ya jingine.

Dai: Haya ni mambo ya juzi, yalizuka 2020.

Si kweli. Mzizi wake uko karne ya 19. Kuanzia miaka ya 1830 waigizaji Wazungu wa Marekani walijipaka masizi usoni, wakavaa matambara, wakaimba na kuongea kwa namna waliyodai ni ya watu Weusi, na kumbi zikajaa. Mhusika mmoja wa michezo hiyo, Jim Crow wa Thomas D. Rice, alivuma kiasi kwamba jina lake baadaye lilibandikwa kwenye sheria za ubaguzi za majimbo ya Kusini. Redio ilipokuja, masizi hayakuhitajika tena. Sauti ilitosha. Mwaka 1928 Wazungu wawili, Freeman Gosden na Charles Correll, walianzisha kipindi cha Amos 'n' Andy, wakijifanya Weusi wawili waliohamia mjini, na Marekani nzima ikawa inawasikiliza.

Katuni zilipata sauti mlemle. Bosko, aliyekuja kuwa nyota wa kwanza wa Looney Tunes, alichorwa kama mvulana Mweusi, na katika filamu yake ya majaribio ya 1929 aliongea lafudhi ya majukwaa yale ya masizi kupitia kinywa cha Carman Maxwell, Mzungu. Katika Dumbo ya 1941 wapo kunguru wanaoongea na kuimba kwa mtindo wa watu Weusi. Wengi wao walitiwa sauti na wasanii Weusi wa kwaya ya Hall Johnson, lakini kiongozi wao, ambaye studio ilimpa jina la Jim Crow, alisemewa na Cliff Edwards, Mzungu. Tazama mpangilio huo vizuri: Weusi walikuwa studioni, wimbo uleule, na bado mwenye maneno mengi akachaguliwa mtu mwingine.

Waliotendewa hawakunyamaza. Mwaka 1931 gazeti la watu Weusi la Pittsburgh Courier lilikusanya saini dhidi ya Amos 'n' Andy. Chama cha haki za Weusi cha NAACP kiliipinga katuni ya Coal Black and de Sebben Dwarfs ya 1943. Anayesema malalamiko ni mapya amechelewa kuyasikia kwa zaidi ya miaka 90.

Dai: Sauti haina rangi. Kazi ya mwigizaji ni kuwa mtu asiye yeye.

Nusu yake ni kweli, na nusu hiyo isidharauliwe. Nancy Cartwright, mwanamke aliyezaliwa 1957, ndiye Bart Simpson, mvulana wa miaka 10. Phil LaMarr, Mmarekani Mweusi, ndiye shujaa wa Kijapani katika Samurai Jack. Cree Summer, mwanamke Mweusi, alimsemea Penny, kisichana chenye nywele za dhahabu katika Inspector Gadget. Eartha Kitt aliyekuwa akitetemesha kumbi kwa uimbaji wake alimpa uhai Yzma, mwovu wa The Emperor's New Groove ya mwaka 2000, hadithi iliyowekwa katika dola ya Wainka. Wangezuiwa hawa, sanaa ingepungukiwa.

Nusu ya pili inataka maelezo marefu, na mfano wake ni Apu.

Apu Nahasapeemapetilon alionekana mara ya kwanza katika The Simpsons mwaka 1990. Ni Mhindi mwenye duka katika mji wa Springfield, mtu mwenye shahada ya udaktari wa kompyuta, baba wa watoto wanane, mchapakazi. Hank Azaria, Mzungu wa New York ambaye ukoo wake ni Wayahudi wa Thessaloniki, alimpa lafudhi ambayo mwenyewe alieleza kuwa iliathiriwa na Peter Sellers, Mwingereza aliyejipaka rangi na kucheza Mhindi katika filamu ya The Party ya 1968. Kwa hiyo lafudhi ya Apu haikutoka India wala kwa Wahindi wa Marekani. Ilitoka kwa Mzungu aliyeiga Wahindi, ikaigwa tena na Mzungu mwingine.

Na kwa miaka mingi karibu hapakuwa na Mhindi mwingine anayejulikana kwenye televisheni ya Marekani. Hapo ndipo uzito ulipo. Mzungu akichekwa katika katuni, dakika ileile kituo kingine kinamwonyesha Mzungu daktari, rais, mpenzi, askari. Mtoto wa Kihindi wa New Jersey alikuwa na Apu tu. Alipoingia darasani, wenzake walimpokea kwa lafudhi ile. Mchekeshaji Hari Kondabolu, aliyezaliwa Queens, New York, kwa wazazi kutoka India, alizungumza na wasanii wenzake wa asili ya Asia Kusini kuhusu maumivu hayo na kutoa filamu ya The Problem with Apu mwaka 2017. Wengi wao walikuwa na kisa kilekile cha shuleni.

Aprili 2018 kipindi kilijibu kupitia kinywa cha Lisa Simpson kwa namna iliyoonekana kama kupuuza, na hasira zikaongezeka. Azaria alikwenda njia nyingine. Mwezi huohuo alisema yuko tayari kukaa kando, na kwamba chumba cha waandishi kinahitaji watu wa asili ya Asia Kusini. Januari 2020 akathibitisha kwamba ameacha kumsemea Apu, na mwaka uliofuata akaomba radhi hadharani. Namheshimu kwa hilo. Alisikiliza kwanza, akasema baadaye.

Kuna pia suala la ajira, ambalo wanaodai sauti haina rangi mara chache hulitaja. Katika katuni ni desturi mtu mmoja kusoma wahusika kadhaa katika kikao kimoja. Azaria alikuwa Moe mwenye baa, mkuu wa polisi Wiggum, Apu, na Carl ambaye ni Mweusi. Harry Shearer alikuwa Bwana Burns na pia Daktari Hibbert, Mweusi mwingine. Kikundi cha watu wachache kikishaundwa, kila mhusika mdogo anayezuka, awe Mchina, Mmeksiko au Mjamaika, huangukia mikononi mwao. Hakuna usaili unaoitishwa. Kama sauti kweli haina rangi, basi Weusi na Waasia wangesemea Wazungu kwa wingi uleule ambao Wazungu waliwasemea wao. Haikuwa hivyo hata kidogo. Shearer mwenyewe alipinga uamuzi wa 2020 kwa hoja kwamba kuigiza ni kujifanya mtu usiye, na hoja hiyo ni safi kwa msanii mmoja mmoja. Kwa tasnia nzima iliyofungua mlango upande mmoja tu, haitoshi.

Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi ataniuliza: mbona sisi tulimsikiliza Lufufu akisimulia filamu za Kichina na za Kihindi kwa sauti yake peke yake, na DJ Afro bado anafanya hivyo Kenya, bila mtu kukasirika? Kwa sababu msimuliaji hajifanyi Mchina. Anakaa kando ya picha, anakueleza kinachoendelea, anatia chumvi, na kila mtu anajua anayeongea ni yeye. Hiyo ni sanaa ya usimulizi, na iko mbali na kuvaa lafudhi ya mtu kisha kuwaambia watoto wa nchi nzima kwamba hivyo ndivyo mtu huyo alivyo.

Dai: Wanaolalamika wanataka wahusika wafutwe.

Si kweli. Kondabolu alisema wazi kwamba hakutaka Apu aondolewe, alitaka aandikwe vizuri zaidi. Kipindi ndicho kilichochagua kumwacha Apu kimya: anaonekana nyuma ya picha, hasemi kitu. Kwa Carl na Daktari Hibbert walifanya lililo sahihi zaidi. Alex Désert akaanza kumsemea Carl mwaka 2020, Kevin Michael Richardson akamchukua Hibbert mwaka 2021, na kipindi kikaendelea. Kwa Apu ilishindikana kwa nini? Sioni sababu ya maana. Kuna waigizaji wengi wa asili ya Kihindi Marekani, na kumnyamazisha mhusika hakumlipi mmoja wao hata senti.

Kisa cha Speedy Gonzales, panya wa Kimeksiko aliyesemewa miaka mingi na Mel Blanc, kinaonyesha jambo hilohilo kutoka upande mwingine. Mwaka 1999 Cartoon Network iliziweka kando filamu zake kwa hofu ya kuwaudhi Walatino. Waliodai arudishwe ni Walatino wenyewe, wakiwemo LULAC, chama chao kikongwe cha haki. Waliona panya mwerevu anayewashinda wakubwa. Alirudi 2002, na katika Space Jam: A New Legacy ya 2021 alisemewa na Gabriel Iglesias, mchekeshaji wa asili ya Meksiko. Watu hawa hawakuogopa kuchekwa. Walitaka kuwa na neno katika kicheko chenyewe.

Dai: Akipatikana mwigizaji wa asili husika, dharau imekwisha.

Si kweli, na hapa nawasihi wanaounga mkono mabadiliko wasijidanganye. Coal Black, ile katuni ya 1943, ilikuwa na waigizaji Weusi, akina Vivian na Ruby Dandridge. Haikuwazuia wachoraji kujaza filamu midomo minene na kamari. Yule mtumishi wa nyumbani katika Tom and Jerry, ambaye kwa kawaida tulimwona miguu tu, alitiwa sauti na Lillian Randolph, mwanamke Mweusi, na NAACP ikampinga mhusika huyo. Amos 'n' Andy ilipohamia televisheni mwaka 1951 waigizaji wote wakuu walikuwa Weusi, mizaha ikabaki ileile, na upinzani ukawa mkali hadi kipindi kikasimamishwa 1953. Mwigizaji husoma karatasi aliyopewa. Ukibadilisha msomaji na kuiacha karatasi, umebadilisha kidogo sana.

Ndiyo maana filamu ya Coco ya Pixar ni mfano bora kuliko matangazo mengi ya 2020. Mwaka 2013 Disney, mmiliki wa Pixar, ilijaribu kusajili kama alama yake ya biashara jina la sikukuu ya wafu ya Wameksiko. Watu walikasirika, na mchora vibonzo Lalo Alcaraz akaishambulia kampuni kwa kalamu yake. Disney ikaondoa ombi, kisha Pixar ikamwajiri Alcaraz huyohuyo kuwa mshauri wa filamu, pamoja na mwandishi wa tamthilia Octavio Solis. Adrian Molina, mwenye asili ya Meksiko, akawa mwongozaji mwenza. Waigizaji karibu wote walikuwa Walatino: Anthony Gonzalez aliyekuwa mtoto, Gael García Bernal, Benjamin Bratt, Alanna Ubach. Filamu ilitangulia kuonyeshwa Meksiko yenyewe Oktoba 2017, ikaingiza zaidi ya dola milioni 800 duniani na kupata Oscar mbili. Anayedai kwamba kuzingatia asili kunafukuza watazamaji atazame hesabu hiyo. Sauti zilifaa kwa sababu hadithi ilikuwa imeshapita mikononi mwa wenyewe.

Dai: Sasa ni sheria.

Si kweli. Hakuna sheria ya Marekani inayoagiza hivyo. Sheria ya haki za kiraia ya 1964 inakataza kumchagua mfanyakazi kwa rangi yake, lakini mwaka 2012 mahakama ya shirikisho huko Tennessee, katika kesi dhidi ya kituo cha ABC, iliona kwamba uchaguzi wa washiriki wa kipindi unalindwa na uhuru wa kujieleza. Yaliyofanywa 2020 yalikuwa maamuzi ya wasanii na watayarishaji.

Dai: Mwafrika yeyote atamfaa Mwafrika yeyote, Mwasia yeyote Mwasia yeyote.

Si kweli, na hili linatugusa sisi moja kwa moja.

Raya and the Last Dragon ya 2021 ilitungwa kutokana na tamaduni za Asia ya Kusini-Mashariki. Raya alipewa Kelly Marie Tran, ambaye wazazi wake walitoka Vietnam, lakini wengi waliomzunguka walikuwa na asili ya China au Korea, na watu wa Kusini-Mashariki wakasema wazi kwamba wamechanganywa tena na majirani zao. Katuni ya King of the Hill iliporudi mwaka 2025, Kahn, ambaye ni Mlao na zamani alisemewa na Mzungu Toby Huss, alipewa Ronny Chieng, Mchina wa Malaysia. Ni hatua, lakini Laos na Malaysia ni nchi mbili.

Sasa The Lion King ya 1994. Simba, Rafiki, Pumbaa, Sarabi, Shenzi: majina yametoka kwetu. Wachoraji walifika Kenya kutazama mbuga na miamba. Lakini nani aliongea? Simba mkubwa alikuwa Matthew Broderick wa New York. Mufasa, James Earl Jones, na Rafiki, Robert Guillaume, walikuwa Wamarekani Weusi. Sarabi, Madge Sinclair, alizaliwa Jamaika. Wote walifanya kazi nzuri, na sauti ya Jones bado inanisisimua. Hata hivyo filamu iliyojengwa kwa lugha yetu haikuwa na sauti ya mtu wa Afrika Mashariki katika nafasi yoyote kubwa. Toleo la 2019 lilisogea: Rafiki akawa John Kani wa Afrika Kusini, Shenzi akawa Florence Kasumba, aliyezaliwa Kampala na kukulia Ujerumani.

Ninachokikataa kabisa ni ile lafudhi inayoitwa ya Kiafrika, inayosikika katika filamu nyingi za nje, isiyozungumzwa Kisumu, Lagos, Mwanza wala Durban. Inathibitisha kwamba hapakuwa na mtu chumbani wa kusema, hapana, kwetu hatuongei hivi. Linganisha na katuni ya Iwájú, iliyotoka Februari 2024. Inahusu Lagos, ilibuniwa na kampuni ya Kugali, ya Wanigeria wawili na Mganda mmoja, Hamid Ibrahim, na wahusika wake wanaongea kwa sauti za Wanigeria. Anayeijua Lagos anaitambua Lagos. Supa Team 4 ya Mzambia Malenga Mulendema, iliyotoka Julai 2023, iliweka mashujaa wake Lusaka. Mwezi huohuo ilitoka Kizazi Moto, filamu fupi 10 za waongozaji wa Afrika, miongoni mwao Mkenya Ng'endo Mukii na Mganda Raymond Malinga.

Dai: Hili ni tatizo la Wamarekani peke yao.

Si kweli. Pixar ilipotoa Soul Desemba 2020, filamu yake ya kwanza yenye mhusika mkuu Mweusi, mpiga piano Joe Gardner alisemewa kwa Kiingereza na Jamie Foxx. Kwa Kidenmaki alipewa Nikolaj Lie Kaas, Mzungu, na Ureno nayo ikampa Mzungu. Wadenmaki Weusi walihoji, na maelfu ya watu Ureno wakatia saini wakitaka filamu irekodiwe upya. Jibu lililotolewa ni kwamba kazi apewe anayeiweza zaidi. Lakini huwezi kujua nani anaiweza zaidi kama hukuwaita wote.

New Zealand imeonyesha kinachowezekana. Filamu ya katuni ya Moana ilipotafsiriwa kwa Kimaori mwaka 2017, Rachel House, Temuera Morrison na Jemaine Clement, wote wenye asili ya Kimaori, walirudi studioni kurekodi upya wahusika wao kwa lugha ya babu zao. Watoto waliosikia Kimaori kwa bibi tu wakakisikia kwenye skrini kubwa.

Nasi tunao mwanzo. Tangu 2014 Ubongo ya Dar es Salaam inatengeneza katuni zinazoongea Kiswahili, na Akili, msichana mdogo anayeishi na familia yake chini ya Mlima Kilimanjaro, anaongea kama mtoto wa huku. Ombi langu ni kwa vituo vyetu vya televisheni na studio zinazoingiza Kiswahili katika katuni za nje. Itisheni usaili Mombasa, Ujiji, Bukavu na Unguja, si katika mtaa mmoja wa mji mkuu. Mhusika wa Lamu aongee kama mtu wa Lamu, na mmachinga wa Kariakoo asigeuzwe kichekesho cha lafudhi ya bara. Walipeni watoto na watu wazima mnaowarekodi, na mwisho wa kipindi andikeni majina yao kwa herufi zinazosomeka.